Ploti Nakuru kwa kamisheni au nyumba Kisumu kwa mshahara: niandike nini kwenye wasifukazi?

Muuza Simu, Nakuru:
Naomba mnisaidie kupima. Nimeuza simu dukani kwa miaka mitatu, na sasa nimeona nafasi mbili. Kampuni moja ya hapa Nakuru inalipa kamisheni tupu, na kazi ni kuwapeleka wateja kuona ploti Kiamunyi na Lanet. Nyingine iko Kisumu, kwa wakala anayeuza na kupangisha nyumba, na inatoa mshahara mdogo pamoja na kamisheni. Matangazo yote mawili yanataja "usimamizi wa wateja", "majadiliano ya bei", "upekuzi wa hati" na "wakala mwenye uzoefu". Rafiki yangu ananihimiza niyanakili yote, kwa kuwa siku hizi kompyuta ndiyo huchuja maombi kwanza. Mawili ya mwanzo ndiyo kazi yangu ya kila siku. Mawili ya mwisho sijawahi kuyafanya.

Mkazi wa Mamboleo:
Nianze na pesa. Mimi nilianza kwa kamisheni tupu, nikamaliza miezi minne bila mauzo huku nauli na bando zikitoka mfukoni mwangu, na mteja wa kwanza alipopatikana alilipa kwa awamu, kwa hiyo kamisheni yangu nayo ikaja kwa vipandevipande. Kama huna akiba, njoo Kisumu, ijapokuwa utalipa kodi ya nyumba.

Mama Usaili, Kisumu:
Mimi huwasaili watu wa mauzo. Mwaka jana alikuja kijana ambaye wasifukazi wake ulikuwa na kila neno la tangazo letu, mpangilio ukiwa ule ule. Nikamsukumia karatasi yenye namba ya ploti, nikamuuliza angeanzia wapi. Aliigeuza mara mbili, akasema angempigia mwenye ploti. Hakujua kwamba upekuzi rasmi katika masjala ya ardhi ndio unaoonyesha jina la mmiliki aliyesajiliwa, ukubwa wa ardhi, na kama kuna rehani ya benki au zuio. Angeandika tu kwamba aliuza viatu sokoni, ningemchukua, maana alikuwa na ulimi mzuri.

Jirani wa Lurambi:
Nakubaliana na Mama, ila rafiki yako naye hajakosea kabisa. Ukiandika "niliongea na wateja" ilhali tangazo linasema "usimamizi wa wateja", utapitwa kwa jambo unalolijua. Tumia maneno yao, kisha uyawekee ushahidi wako: uliwahudumia wangapi kwa siku, na wangapi walirudi.

Neno "wakala" ndilo la kuogopa. Sheria ya Mawakala wa Nyumba na Ardhi, Sura ya 533, inamtaka wakala asajiliwe na bodi yake, kwa hiyo ukijiita wakala unadai usajili ambao huna. Wewe omba nafasi ya afisa wa mauzo. Hata kampuni hiyo ya ploti, iulize kwanza kama yenyewe imesajiliwa, na kama ardhi inayoigawa ni ya kilimo, uone idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi kabla hujampeleka mtu huko.

Upekuzi nao unajifunzika. Chukua nakala ya hati ya mzazi wako, kwa ruhusa yake, ulipe ada, uombe upekuzi, usome majibu mstari kwa mstari. Jifunze pia ushuru wa stempu, yaani kodi ya kuhamisha umiliki, ambao ni asilimia 4 ya thamani ya ardhi mijini na asilimia 2 mashambani, na mnunuzi ndiye hulipa. Wateja huuliza hilo kabla hata ya kushuka garini.

Muuza Simu, Nakuru:
Ahsanteni. Akiba yangu haifiki miezi miwili, kwa hiyo ninaomba Kisumu. "Wakala mwenye uzoefu" nimelifuta. Kwenye upekuzi nimeandika: "Nimewahi kuomba upekuzi wa hati ya familia," lakini wasifukazi sitautuma kabla ya Jumatatu, kwa sababu baba amekubali kunipa nakala hiyo wikendi hii na masjala haifunguliwi Jumamosi.