Naomba ushauri: picha ya mawe ya marehemu babu, niuze?

Omera wa Kondele: Wadau, hamjambo. Nina picha ya zamani ya babu, nyeusi na nyeupe: nguzo za mawe kando ya bahari, zimesongamana kama penseli kwenye kopo. Chini imeandikwa "Giant's Causeway". Mtu hapa Kisumu amefika 18,000. Ni bei nzuri? Anataka jibu kesho.

Fundi Fremu: Hapo ni Ireland Kaskazini, nguzo za basalti kama 40,000. Lava ilipopoa ilisinyaa ikapasuka, nyingi zikawa na pembe sita. Chukua kioo cha kukuzia. Ukiona vitone vimejipanga, ni chapa ya mashine. Ukiona mistari ya kuchongwa, na karatasi ina mbonyeo wa bamba la kuchapia kuzunguka picha, usiharakishe kuuza. Na usikate kingo!

Mama Otonglo: Mawe tu? Kit Mikayi iko hapo njia ya Bondo, piga na simu. Mimi mzee wangu alinipeleka huko tukiwa wachumba, akanieleza jina maana yake ni jiwe la mke wa kwanza. Nikacheka. Miaka sita baadaye nikaelewa alikuwa ananiandaa.

Asiyelala: Babu hayupo. Nyanya je?

Omera wa Kondele: Yupo. Picha iko kwangu.

Asiyelala: Ilikuwa wapi?

Omera wa Kondele: Sebuleni kwa dani, yaani huyo nyanya, Maseno. Sawa, nilitoa kopi saiba nikaiweka kwenye fremu ileile. Ana mtoto wa jicho, hajagundua. Pesa ni za karo ya mdogo wangu, si za pombe! Nimeshapokea 5,000.

Mwalimu Mstaafu: Kwa hivyo hukuja kuuliza bei, umekuja kutafuta wa kukubariki. Rudisha hiyo 5,000, kisha ukamwambie dani mwenyewe, umepiga magoti.

Fundi Fremu: Kingo hukukata?

Omera wa Kondele: Kidogo tu, ilikuwa haiingii kwenye mashine.

Fundi Fremu: Woi.

Mbuta Mkavu: Ngojeni. Si huyu mwezi jana alikuwa anauza cherehani ya marehemu babu yenye zebaki, ule utapeli wa kudai cherehani za zamani zina zebaki ya bei ghali? Huyo babu mali yake haiishi? Weka picha hapa tuione.

Omera wa Kondele: Kamera ya simu imeharibika.

Mbuta Mkavu: 😂😂 Nilijua.

Omera wa Kondele: Cherehani ilikuwa ya babu wa upande wa mama. Na sina muda wa kubishana, dani amenipigia sasa hivi anauliza mbona mawe yake siku hizi yanang'aa.