Safari ya Bibi: Nairobi hadi New York

Mjomba Ali: Asalaam aleikum jamaa. Tiketi ya Mama ya Desemba imetoka. Anaruka Nairobi saa 5:25 usiku, anatua New York saa 12:25 asubuhi. Saa saba tu, alhamdulillah.

Rehema: Waaleikum salaam. Shikamoo mjomba. Hapana, ni saa 15 hizo. Tiketi huandika saa ya kila mahali: kuondoka ni saa ya Nairobi, kufika ni saa ya huku. Desemba tuko nyuma yenu saa 8. Akitua huku alfajiri, kwenu ni saa 8:25 mchana.

Mjomba Ali: Marahaba mwanangu. Saa 15 bila kutua popote?

Rehema: Bila kutua. Ni kama kilomita 11,800, yaani Mombasa–Nairobi kwa barabara zaidi ya mara 24. Wanakatiza Afrika kuelekea kaskazini-magharibi, kisha Atlantiki.

Shangazi Zuhura: Nilipokuja Juni si mlisema tofauti ni saa 7?

Rehema: Ndiyo shangazi. Wamarekani husogeza saa zao mbele Machi, wakazirudisha Novemba. Kenya haibadilishi. Kurudi ni haraka kidogo, maana huko juu upepo huvuma kutoka magharibi na kuisukuma ndege.

Farida: Jamani, insulini! Bibi hujidunga asubuhi na jioni. Asubuhi ya mwili wake itamkuta katikati ya safari, nje giza totoro. Akingoja kuche, atapitiliza sana. Nawaomba aende kliniki na tiketi mkononi kabla ya wiki ya safari, daktari ampangie kwa saa zinazopita, si kwa saa ya ukutani.

Shangazi Zuhura: Hilo giza ni la saa ngapi?

Rehema: Safari nzima. Ndege inakimbia kuelekea magharibi, usiku unaifuata. Jua likizama Nairobi saa 12 na nusu jioni, Bibi hataliona tena mpaka saa 1 na robo asubuhi ya New York. Karibu saa 21 za usiku.

Shangazi Zuhura: Subhanallah. Mama yuko hapa kando yangu, anauliza swala ya Alfajiri je?

Rehema: Mwambie shikamoo. Alfajiri itaingia wakiwa karibu kutua.

Mjomba Ali: Kuswali kitini nitamuuliza imamu Ijumaa hii. Mama asiwe na wasiwasi.

Farida: Insulini iwe kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na barua ya daktari. Isiende na mizigo ya chini, baridi ya huko inaweza kuigandisha. Na miguu: asimame, atembee kila baada ya muda, anywe maji. Kukaa saa nyingi hivyo damu huweza kuganda mguuni, na umri wake tunaujua.

Mjomba Ali: Nimeandika. Kiti cha magurudumu nitaomba leo kwa shirika la ndege, Nairobi na huko pia.

Shangazi Zuhura: Na treni ya SGR apande siku moja kabla, alale kwangu South B, hapo Nairobi. Kutoka Mombasa kisha kuunganisha usiku huohuo sitaki, atafika amechoka.

Rehema: Ahsante shangazi. Sisi tutakuwa uwanjani kabla ya saa 12. Uhamiaji una foleni, basi akichelewa kutoka msishtuke. Nitapiga simu hapahapa kwenye kikundi nikimshika mkono, kwenu itakuwa yapata saa 10 alasiri.

Mjomba Ali: Inshallah. Kliniki nampeleka mimi Jumatatu.