MREJESHO: Spotify bila kuinstoli, imekubali

Wakuu, wiki iliyopita niliuliza humu namna ya kusikiliza Spotify, ile huduma ya mziki mtandaoni, kwenye kompyuta ya kazini, inatumia mfumo wa Linux badala ya Windows na jamaa wa IT wamefunga, huwezi kuinstoli kitu chochote bila paswedi yao. Mkaniambia niachane na programu nifungue open.spotify.com kwenye brauza. Kumbe hiyo njia ipo tangu 2012, mimi nimelala tu!

Sasa mwanzoni iligoma. Ukurasa unafunguka, pleilisti zangu zote zipo, nabonyeza pleya kimya kabisa, nikadhani ni spika au nimekosea waya. Mdau mmoja akasema niangalie juu kwenye Firefox, brauza ninayotumia, kweli kuna kimstari kinauliza kama nawasha DRM, ile kufuli ya nyimbo, na mimi siku zote nilikuwa nakifunga bila kukisoma. Nimewasha, ikashusha kitu kidogo kinaitwa Widevine, ndicho kinafungua hiyo kufuli, nikarifreshi, mziki huo. Paswedi ya IT haikuulizwa wala nini.

Ubaya wake, kudaunilodi kwa ajili ya ofulaini hakuna, kwa hiyo bando lazima liwepo. Ila bila kulipia sauti ni 128 kbps (kilobiti kwa sekunde), nimepiga hesabu ni karibu MB 58 kwa saa, si mbaya. Halafu nikifunga tabu kwa bahati mbaya mziki unakata, leo imeshanitokea mara tatu.

Asanteni sana, hasa yule wa kimstari.