Nguo ya kuogelea hainifikishi hata miezi minne, nakosea wapi?

Mpiga Mbizi (mtoa mada)
Habari wadau, naombeni msaada maana nimechoka kununua. Naogelea mara tatu kwa wiki, bwawa la klorini siyo bahari, na hii ni kostyumu ya tatu sasa inanifia mkononi. Inaanza vizuri inabana mwili, mwezi wa pili nyeusi inageuka kama kahawia hivi, mwezi wa tatu inapwaya makalioni, nikijitupa majini inajaa maji kama puto. Juzi ndo nimejiona, nimeinyanyua dirishani mwanga unapita nyuma kote na kuna vijiuzi vyeupe vinachungulia kama mvi. Yaani nimezunguka nayo hivyo sijui siku ngapi na hakuna aliyenishtua, watu mna roho nyie! Na naifua jamani, nikifika nyumbani naitia kwenye mashine na nguo nyingine, naweka na softena inukie, naianika juani inakauka fasta. Nauziwa feki au ni mimi?

Fundi Cherehani
Pole ndugu, ila ni wewe 😂
Hizo mvi ndo spandeksi yenyewe. Nguo nyingi za kuogelea ni nailoni iliyochanganywa na spandeksi, nailoni ndo kitambaa, spandeksi ndo inayovutika na kurudi. Klorini inazila nyuzi za spandeksi taratibu, zikikatika hazirudi tena, zinatokeza nje na nguo inabaki gunia. Hapo hakuna fundi wa kukusaidia, mimi huwa naletewa nabana mshono pembeni mteja anafurahi, baada ya muda mfupi karudi imelegea palepale. Sasa wewe juu ya klorini umeongeza jua kali, mashine na softena, na softena inaganda kwenye nyuzi inazidi kuzilegeza. Mbona miezi minne ni mingi!

Mlinda Bwawa
Mtoa mada nina swali moja tu. Ukitoka majini mpaka hiyo nguo ifike kwenye mashine unapita muda gani?

Mpiga Mbizi
Mh. Naogelea asubuhi kabla ya kazi, naiweka kwenye mfuko wa plastiki, naufunga usilowanishe begi, naenda kazini. Kwa hiyo masaa nane tisa hivi. Siku nyingine naisahau mpaka kesho yake 🙈

Mlinda Bwawa
Si ndo hapo sasa. Wewe unaogelea saa zima, klorini inaendelea kuitafuna masaa tisa humo mfukoni, afu mfuko umefungwa hewa haipiti, ukikosea kidogo na kuvu inaota kwenye bitana. Kuogelea kwenyewe wala siyo shida kubwa, shida ni kuiacha na maji ya bwawa.
Fanya hivi. Kabla hujaingia bwawani simama kwenye bomba la mvua ujiloweshe nayo mwilini, kitambaa kikishakunywa maji safi hakinywi sana ya bwawa. Ukitoka rudi bombani kabla hujaivua, maji ya baridi, vuta kidogo kiunoni na kifuani maji yapite ndani ya bitana. Ikibidi uibebe, izungushie taulo, achana na huo mfuko.

Kandambili
Mnamtesa mwenzenu bure. Mi yangu inaingia mashine kila wiki, naikamua kwa nguvu zote, ina miaka miwili na haijafanya kitu.

Fundi Cherehani
@Kandambili ni ya kubana au bukta?

Kandambili
Bukta

Fundi Cherehani
Haya 😂 soma lebo utakuta ni poliesta tupu, haina spandeksi ya kukatika. Ila @Mpiga Mbizi hilo lishike, kwa mara tatu kwa wiki ukinunua tena tafuta iliyoandikwa poliesta na PBT (hiyo ni aina ya poliesta inayovutika kidogo). Haina ule ulaini wa nailoni na haivutiki sana, lakini klorini haiiwezi kirahisi. Na kama mfuko unaruhusu uwe nazo mbili unapokezanisha, moja ipumzike ijirudi.
Kukamua kabisa usikamue, siyo tambara la deki hilo. Ukishaifua kwa mkono na sabuni ya maji isiyo kali, tandaza taulo kavu, ilaze juu yake, kunja vyote pamoja kama mkeka, afu kandamiza kwa viganja kutoka upande mmoja mpaka mwingine. Ukifungua taulo limelowa chepechepe na nguo imebaki na unyevu tu. Kisha ilaze kivulini, ukiitundika kwa mikanda maji yanashuka chini na uzito wake unaivuta.

Nyota Samaki
Nadandia uzi, samahani. Yangu nyeupe imepata madoa ya machungwa shingoni na kwapani, nimetia jiki yakazidi! Ni nini hiki??

Mlinda Bwawa
Ni losheni ya jua hiyo dada. Nyingi zina avobenzoni, kemikali ya kuzuia miale ya jua, na hiyo ikikutana na chuma kilichomo majini inatoa rangi kama kutu. Jiki ni klorini ileile unayoikimbia, usirudie tena. Siku nyingine paka losheni mapema, ikauke mwilini kabisa ndo uvae.
Kwa wote wenye nguo inayonuka bwawa hata baada ya kusuuza, weka vitamini C ya unga kijiko kimoja kwenye beseni la maji, iloweke dakika chache. Inaiua klorini kabisa, harufu inakata. Afu acheni kukalia kingo za bwawa, ile saruji inakwaruza makalio ya nguo kama msasa na mnasingizia klorini.

Mpiga Mbizi
Kukalia ukingo ndo kazi yangu nikichoka 😩 Asanteni sana, nimeshatoa softena, na leo nimesuuza hukohuko watu wakanishangaa nimesimama bombani nimejivuta nguo kifuani. La mwisho, jakuzi je? Napenda kumalizia humo.

Mlinda Bwawa
Maji moto na klorini pamoja, hapo unaipika. Mpya isiguse humo, ingia na ile ya zamani.

Mpiga Mbizi
Ile inayoonyesha nyuma??

Mlinda Bwawa
Muombe Kandambili bukta uvae juu.