Hivi dirisha la pili pale maktabani kuna mkutubi au mpiga ramli?

Mchovu wa Mwaka wa Pili: Wanajukwaa, ninaandika nikiwa bado nahema kwenye ngazi za maktaba. Mhusika mnamfahamu nyote, kwa hiyo sitamtaja.

Nilikwenda kuomba msaada wa kupata makala ya Bandura na wenzake ya mwaka 1961, ile ya jaribio la watoto 72 na mwanasesere Bobo kuhusu kuiga ukali wa wakubwa, kwa sababu PsycINFO, ile hifadhidata ya machapisho ya saikolojia, imenipa ikisiri tu na mhadhiri ameapa kwamba atakayenukuu ikisiri na kujifanya amesoma makala nzima atapata sifuri. Nilipanga foleni kwa muda ambao tembo angebeba mimba na kujifungua. Nilipofika dirishani nilimkuta anamenya chungwa, ganda likishuka kama utepe bila kukatika, akaniuliza ninasoma nini, nikamjibu saikolojia. Akasema, macho yakiwa kwenye chungwa: "Kama unasoma saikolojia, soma uso wangu ujue kama makala ipo."

Soma uso wangu! Foleni nzima iliangua kicheko, na mlinzi aliyekuwa amesinzia mlangoni aliamka ili naye acheke. Huo uso nimeusoma, tena kwa makini, na haukuwa na kitu isipokuwa kokwa moja la chungwa lililoganda kidevuni. Ada nimelipa, kazi inatakiwa keshokutwa, na mimi naambiwa nisome uso!

Bibi Marejeo: Pole sana, mwanangu. Mwaka jana mimi niliulizia kitabu cha Freud, yule mwanzilishi wa uchanganuzi nafsi, nikaambiwa mwenyewe amesafiri.

Nilikuwa Nyuma Yako: Ndugu mleta mada, foleni ilikuwa ya watu watatu, mmoja wao akiwa mimi. Waeleze pia wanajukwaa kwamba kwenye kisanduku cha kutafutia ulikuwa umeandika swali zima, "Kwa nini watoto huiga ugomvi wa wakubwa na wazazi wafanye nini", ukamwonyesha simu. PsycINFO si shangazi yako. Hutafutwa kwa istilahi zake, neno la kuiga na neno la ukali yakiunganishwa, na kama haina makala kamili unachukua jina la jarida, juzuu na kurasa, kisha unaomba makala hiyo kwa mkutubi.

Mchovu wa Mwaka wa Pili: Kwa mkutubi yupi, ndugu yangu? Huyo aliyeniambia nisome uso wake?

Bibi Marejeo: La uso ni dogo. Kipeperushi wanachogawa pale mezani bado kinafundisha toleo la sita la mwongozo wa APA, ule wa Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani wa kuandika marejeo, wakati la saba lilitoka mwaka 2019. Nilikifuata neno kwa neno, nikaandika na mji wa mchapishaji, jambo ambalo toleo la saba limeliondoa, nikakatwa alama katika kila kitabu nilichokiorodhesha. Vilikuwa vitabu 14.

Wa Sheria: Nyinyi wa saikolojia mna bahati ya kutukanwa ana kwa ana. Sisi nenosiri la kusomea majarida nje ya chuo limegoma tangu muhula uanze, na kila tukiuliza tunaambiwa tujaribu tena kesho.

Mchovu wa Mwaka wa Pili: Naomba turudi kwenye suala la uso.

Nilikuwa Nyuma Yako: Wa Sheria, kuhusu nenosiri nakuunga mkono, lakini je, mashine ya fotokopi ya ghorofa ya kwanza imepona?

Wa Sheria: Haijapona. Jana imekula shilingi 2,000 zangu na kunitolea karatasi moja nyeusi tii.

Bibi Marejeo: Hiyo nyeusi itunze, mwanangu. Mimi ninazo tano, na fundi amesema atarudisha fedha kwa mwenye ushahidi.