Eee PC ya Atom N270, RAM ya GB 1: niweke mfumo gani mwepesi?

mwana_ndosho (Goma)

Ndugu zangu, hamjambo. Niko na Asus Eee PC 1000H: prosesa Atom N270 ya 1.6 GHz, RAM GB 1, diski GB 160, skrini 1024 × 600, klavye ya AZERTY. Batri imekufa, inawaka tu ikiwa kwenye chaja. Ndani kuna Windows XP ya Kifaransa. Kazi ni kuandika barua na mitihani, kusoma PDF, na mara mojamoja barua pepe.

Nimeshusha Lubuntu mpya na kuiweka kwenye flashi. Inawaka, inaandika kwamba kerneli (kiini cha mfumo) inataka prosesa ya x86-64 lakini imekuta i686, halafu inasimama hapo. Flashi ndiyo mbovu? Na kama si flashi, niweke mfumo upi? Mega za intaneti ni ghali, sitaki kushusha mara tatu.

fundi_birere (Goma)

Flashi ni nzima. N270 ni prosesa ya biti 32 tu (ndiyo hiyo i686; x86-64 ni biti 64), na Lubuntu iliacha biti 32 baada ya toleo la 18.10. Debian nayo, ambayo Linux nyingi zimejengwa juu yake, tangu toleo la 13 la Agosti 2025, haitoi tena kerneli wala diski ya kusakinishia ya biti 32. Kwa hiyo usitafute kipya kuliko vyote, tafuta kilichojengwa juu ya Debian 12, ambayo inaendelea kutiwa viraka hadi Juni 2028. Kwa mashini yako na kazi yako: antiX 23 (Linux nyepesi ya aina hiyo), faili lenye 386 kwenye jina. Lenye x64 litakurudishia ujumbe uleule.

Wengine mnaosoma na hamjui prosesa yenu, andikeni hii kwenye Linux yoyote inayowaka:

`grep -wo -E 'lm|pae|sse2' /proc/cpuinfo | sort -u`

Ikitokea lm, ni biti 64. Bila lm, ni 32. Bila sse2 (Pentium III, Athlon XP), sahau vivinjari vya leo, hata ungekuwa na RAM ya kutosha.

Kuhusu mega: chukua antiX "full", kama GB 1.8, usidanganywe na "base" ya GB 1.2. Full inakuja na LibreOffice ndani. Ukichukua base itabidi uishushe baadaye. Tumia `wget -c` au torenti, ili mtandao ukikatika uendelee pale ulipoishia. Ukimaliza linganisha sha256 (namba ya kuhakiki faili) na ile ya tovuti. Faili lililoshuka nusunusu linaweza kuwaka vizuri kabisa, likaja kufa katikati ya usakinishaji, na mtu akalaumu diski.

Kuandika flashi (GB 4 inatosha): kwenye XP Rufus ya mwisho inayokubali ni 2.18. Ukiona usumbufu, tumia simu ya Android, waya wa OTG (wa kuunganisha flashi na simu) na programu ya EtchDroid. Inaandika ISO (faili la mfumo ulilolishusha) moja kwa moja. Flashi yote itafutwa, usisahau.

Halafu jambo linalowachosha wengi kwenye Eee PC: unabonyeza Esc ili kuchagua flashi, haisikii. Ingia BIOS (mipangilio ya mashini yenyewe) kwa F2, tafuta Boot Booster, uizime. Hiyo Boot Booster inaruka ukaguzi wa mwanzo, ikiruka inapita na Esc pia. Hata F2 wakati mwingine ni ya kubonyeza mfululizo tangu sekunde ya kwanza.

Kwenye menyu ya antiX, kabla ya Enter: F2 uchague Français, F3 uchague saa. Goma haimo kwenye orodha. Chukua Africa/Lubumbashi, si Kinshasa, la sivyo utakuwa nyuma saa moja. Usiwashe kwa toram, RAM yako haiwezi kubeba mfumo mzima.

Jaribu kwanza bila kusakinisha: Wi-Fi, sauti, mwanga wa skrini. Nakili mafaili ya XP kwenye diski nyingine. Ndipo ufungue GParted, programu ya kugawa diski: sda1 ext4 GB 25 ya mfumo, swap GB 2 (sehemu ya kusaidia RAM), iliyobaki ext4 ya /home (mafaili yako). GRUB (kiwashio cha mfumo) iende kwenye MBR (mwanzo wa diski) ya sda.

Kitu kidogo: skrini ya 600 ni fupi, vitufe vya chini vya madirisha fulani vitapotelea nje. Shika Alt, bonyeza dirisha popote kwa panya, livute juu.

kadutu_pc (Bukavu)

Mbona mnampeleka mbali? BookwormPup32 ingemtosha. Ni Puppy, Linux nyingine nyepesi, ni ndogo, inapanda yote kwenye RAM, diski inapumzika. Inawaka hata kutoka kwenye flashi bila kugusa XP. Kwa mashini yenye diski ya zamani inayokwaruza, hiyo ndiyo dawa.

fundi_birere (Goma)

Puppy ni nzuri, mukubwa, siikatai. Diski ingekuwa imekufa ningesema hivyohivyo. Ila angalia hali yake: hana batri, na delestaji (umeme kukatwakatwa) unaijua. Puppy ikiwa kwenye flashi, kazi inakaa RAM na kumwagwa kwenye faili la hifadhi kila baada ya muda fulani, au unapozima. Umeme ukikata kabla, ulichoandika kimeenda. Na watu wengi wanaweka faili hilo kwenye FAT32, ambayo haina jarida la kurekebisha makosa. Kukatika kwa umeme mara tatu nne kunatosha kulivuruga, na ndani yake kuna kila kitu. Akiipenda Puppy basi aiweke kwenye diski, sehemu ya ext4.

Kwenye antiX pia asilale. LibreOffice: Outils, Options, Chargement/enregistrement, Général, aweke kuhifadhi kila dakika 2. Zaidi ya hapo Ctrl+S kila aya.

kadutu_pc (Bukavu)

Kwa batri umenishinda, hapo nakubali. Lakini mwambie ukweli wa kivinjari, maana ndicho kitakachomvunja moyo. antiX ikitulia haifiki MB 250. Ukurasa mmoja wa Facebook unaweza kula kuliko mfumo mzima. Hakuna mfumo mwepesi unaofanya intaneti iwe nyepesi.

Mozilla imeacha Firefox ya Linux ya biti 32 tangu toleo la 145. ESR 140 (toleo linalotunzwa muda mrefu) ndiyo inayobaki, na waliahidi kuitunza angalau hadi Septemba 2026. Chrome iliacha tangu 2016, asiitafute. Afungue kichupo kimoja, aweke uBlock Origin (kizuia matangazo), na barua pepe aisome kwa Claws Mail, si ndani ya kivinjari. Video: yt-dlp (ya kushusha) pamoja na mpv (ya kucheza), isizidi 360p, kwa sababu GMA 950 (chipu yake ya picha) haifumbui H.264, muundo wa video, yenyewe, prosesa ndiyo inabeba mzigo wote.

PDF afungue kwa MuPDF. Zile zilizoskaniwa zitachelewa kila ukurasa, hilo halina dawa. Na asikubali ushauri wa AbiWord badala ya LibreOffice Writer: ni nyepesi kweli, lakini docx yenye jedwali inatoka imepinda, na mitihani ina majedwali.

mwana_ndosho (Goma)

Asante mingi, imesakinika. Lakini neno la siri inalikataa! Nimeliandika pole pole, ni lilelile. Nilipitwa na F2 mwanzoni, Français nilichagua baadaye ndani ya usakinishaji. Nianze upya?

fundi_birere (Goma)

Usianze upya. Uliwasha kwa Kiingereza, kwa hiyo ulipoandika neno la siri klavye ilikuwa QWERTY, na sasa mfumo uko AZERTY. Tuseme uliandika "amani": kilichohifadhiwa ni `q;qni`. Herufi a ikageuka q, m ikageuka nukta mkato, n na i zikabaki. Sasa andika hiyo iliyogeuka na utaingia. z na w nazo hubadilishana. Tarakimu ni mtego zaidi: kwenye AZERTY unashika Maj (Shift) kupata 1, kwenye QWERTY hiyo inatoa alama ya mshangao. Ukishaingia, fungua terminali, `passwd`, weka jipya. Kisha `sudo passwd root`, maana hilo nalo limeandikwa kwa makosa yaleyale.

Ukikutana na kinyume chake, yaani mfumo QWERTY na mikono AZERTY, andika `setxkbmap fr`, ukijua kwamba a iko kwenye kitufe cha Q na m iko kwenye kitufe cha koma. Ya kudumu ni `sudo dpkg-reconfigure keyboard-configuration`.

mwana_ndosho (Goma)

Nimeingia. `free -h` inaonyesha MB 187 zimetumika. Kilichobaki: kila nikichomoa chaja tarehe inarudi 2008, halafu Firefox inakataa kila tovuti inasema si salama, na apt inasema faili la Release bado halijaanza kutumika.

kamalondo_sys (Lubumbashi)

Hayo yote matatu ni ugonjwa mmoja. Vyeti vya tovuti vina tarehe ya kuanza. Mashini ikiamini ni 2008, kila cheti kinaonekana hakijazaliwa. Usikubali kubonyeza "endelea hata hivyo", rekebisha saa:

`sudo date -s "MWAKA-MWEZI-SIKU SAA:DAKIKA"` kwa tarakimu, kisha `sudo hwclock -w`

Hiyo ni ya leo tu. Kibatri cha BIOS kimeisha. Kwenye laptopu nyingi ni CR2032 au kidogo zaidi, mara nyingi kimefungwa nyaya mbili na plagi nyeupe. Soma namba iliyochongwa juu yake kabla ya kununua, na kama kina nyaya nunua chenye nyaya: kuchoma risasi moja kwa moja juu ya kibatri cha lithiamu kunaweza kukipasua. Nyekundu na nyeusi zikae upande uleule. Mpaka ukipate, `sudo apt install fake-hwclock`; inahifadhi saa ya mwisho na kuirudisha ukiwasha, kwa hiyo utachelewa kwa saa ulizozima, si kwa miaka.

Kuongeza pumzi bila kununua kitu, banisha RAM kwa zram (swap iliyobanwa ndani ya RAM yenyewe). Kama antiX yako ni ya sysvinit (programu inayoanzisha mfumo), weka hizi kwenye /etc/rc.local, juu ya `exit 0`:

`modprobe zram`
`echo 512M > /sys/block/zram0/disksize`
`mkswap /dev/zram0`
`swapon -p 100 /dev/zram0`

Ile -p 100 inafanya zram ijazwe kwanza, swap ya diski ije mwisho.

Na ukipata dola chache, nunua RAM kabla ya SSD. Kuna tundu moja tu chini ya kifuniko, kwa hiyo unatoa ya GB 1 na kuweka ya GB 2, ndio mwisho wake. Ni DDR2 SO-DIMM, pini 200. Ikiwa kibandiko kimeandikwa PC2-5300 au PC2-6400, chukua. PC3 ni DDR3, mkato wake hauendani na tundu. Asikuambie mtu uisukume kidogo.