Canter inapanda imejaa, inashuka tupu. Kijiji cha nyumbani nikisaidieje?

Mzee wa Jumla:
Wakuu, salaam. Nina duka la jumla Mombo, chini ya milima ya Usambara, mwaka wa kumi na moja sasa. Sukari, sabuni, mafuta ya kula, misumari, saruji. Kila Jumatano Canter yangu inapanda Soni, inashika njia ya Bumbuli, inashusha mzigo kwenye maduka ya vijijini, na kimojawapo ni kijiji nilikozaliwa.

Mwezi uliopita wazee waliniita. Nikadhani ni mchango wa msikiti, nikaenda na bahasha. Kumbe wakala pekee wa pesa za simu amefunga banda na kuhamia Lushoto mjini. Shangazi yangu akitumiwa 20,000 na mwanawe aliyeko Dar, anapanda bodaboda kwenda kuitoa: 3,000 kwenda, 3,000 kurudi, na makato bado. Hela inayeyuka kama sabuni iliyosahauliwa kwenye beseni. Mashine ya kusaga nayo imekufa tangu Ramadhani.

Wazee wanataka nijenge "kituo cha huduma", na kiwanja wameshanionyesha. Mimi majengo nayaogopa. Kuna kampuni ilileta friji la sola la maziwa, ikakata utepe, ikapiga picha. Betri ilipokufa hakuna aliyejua ampigie nani. Sasa kuku wanatagia humo. Sitaki kuwa mfadhili, nataka biashara yangu iendelee na kijiji nacho kipate. Mnasemaje?

Mama Uwakala:
Kaka, usijenge. Kwanza mtafute huyo wakala umuulize kwa nini alifunga. Nimekaa kwenye banda la uwakala miaka sita huku Same, na nina hakika wateja hakuwakosa. Alikosa noti. Kijijini hela inaingia kwa simu tu, watoto wanatuma kutoka mjini na kila mtu anakuja kutoa. Saa nne asubuhi droo iko tupu, floti, yaani hela ya wakala iliyo kwenye simu, imejaa kwenye laini, na wa kuweka hayupo. Inabidi afunge, apande gari aende benki. Siku mbili za wiki zinaishia barabarani.

Sasa nikuulize: wenye maduka wanakulipaje? Noti mkononi kwa dereva, sivyo? Basi kila Jumatano ni wewe unayezoa noti za kijiji na kuziteremsha Mombo! Waambie wazipeleke kwa wakala, yeye akurushie wewe kwenye simu. Wakala anapata noti za kumpa shangazi yako, na dereva wako hasafiri na bulungutu kwenye kona zile za Soni. Makato ubebe wewe, usimtwishe mwenye duka, la sivyo watarudi kwenye noti wiki ya pili.

Jembe la Karoti:
Mkuu, mimi nalima karoti na kabichi milima hiyo hiyo. Kusikia gari linashuka tupu nimeumia moyo. Sisi tunamsubiri dalali aje na lumbesa yake, gunia limevishwa kilemba, unauza moja umetoa moja na nusu. Wakala wa Vipimo wanapiga marufuku, lakini alfajiri shambani hawapo. Weka mzani kwenye Canter. Ila mboga usinunue, biashara hiyo huijui na nyanya haina subira. Toza nauli ya gunia tu, utushushe Mombo barabara kuu. Soko tutajitafutia.

Mstaafu:
Mdogo wangu, mashine waachie kina mama. Wajisajili kikundi, waombe mkopo wa ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, hauna riba. Ulisimamishwa 2023, ukarejea 2024. Nimefanya kazi ya maendeleo ya jamii, nimeona mashine nyingi zikifa kwa kukosa mkanda wa bei ya kuku wawili. Kwa hiyo wewe weka mikanda na chekeche dukani kwako, uwape kwa mali kauli kama unavyowapa sabuni. Na mlipie kijana mmoja ajifunze ufundi kwa fundi wa hapo Mombo.

Mzee wa Jumla:
Nimerudi. Mama Uwakala, umesema kama ulikuwepo. Nimempigia yule kijana: alikuwa na floti ya kutosha, noti ndiyo hana. Yuko tayari kurudi gulio lijalo ikiwa maduka matatu yatapitishia malipo kwake. Mawili yamekubali. La tatu lina deni langu la wiki tano, kwa hiyo hilo halina noti wala floti, tusiliguse kwanza.

Kikundi cha kina mama kipo, wana VICOBA yao, wataanza na barua kwa afisa wa kata. Mzani nimeshanunua.

Kuhusu nauli ya karoti, nilimuuliza dereva, basi tu kupata mawazo, gunia moja kutoka kule hadi Mombo tutoze ngapi. Akajibu papo hapo, bila kufikiri: "3,000, kabichi 2,500." Nikamuuliza amejuaje. Akashuka kwenda kukagua matairi.